Mama amesema anaomba ungo wake

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Uyole, Mbeya, ikiwa bado haijaachia, mtoto wa jirani alipiga hodi mlangoni kwangu. Ana miaka sita. Akaniamkia, akashika fremu ya mlango, akasema kwa pumzi moja: "Mama amesema anaomba ungo wake, na usimwazime mtu mwingine kabla hujamuuliza."

Nikampa ungo, akaondoka ameufunika kichwani kama mwavuli. Mimi nikabaki nimesimama palepale. Mama yake, kule uani kwao, hakuyasema maneno yale. Alichomwambia mtoto lazima kilikuwa hiki: "Mwambie naomba ungo wangu, na asimwazime mtu mwingine kabla hajaniuliza." Kutoka uani kwao hadi mlangoni kwangu ni hatua kama 40. Ndani ya hatua hizo mtoto wa darasa la kwanza aligeuza "naomba" ikawa "anaomba", "wangu" ikawa "wake", "asimwazime" ikawa "usimwazime", kisha akalichukua "hajaniuliza" akaligeuza kichwa na kiuno kwa pamoja, likawa "hujamuuliza". Mageuzi matano, hakukosea hata moja, na hakuna aliyewahi kumkalisha chini kumfundisha.

Jioni ya siku hiyohiyo nilikuwa na kipindi cha kauli taarifa, yaani namna ya kusimulia maneno aliyosema mtu mwingine.

Nafundisha Kiingereza watu wazima, jioni tatu kwa wiki, kwenye chumba kilicho nyuma ya mashine ya kusaga, si mbali na njia panda ambapo barabara ya Tukuyu na Malawi inaiacha ile kubwa itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma. Mashine ikiwaka tunapaza sauti. Wanafunzi wangu ni madereva wa malori, mabinti waliomaliza kidato cha nne wanaotafuta kazi hotelini, kijana anayepeleka wageni Ziwa Ngosi, na katibu wa chama cha wakulima wa kahawa ambaye lazima aandike mihtasari ya vikao isomwe na wanunuzi wa nje. Muhtasari wa kikao, ukiutazama, ni kauli taarifa mwanzo mpaka mwisho: mwenyekiti alisema, mjumbe aliuliza, mhasibu alijibu.

Wengi walishakutana na mada hii sekondari, na nikiiandika ubaoni naona nyuso zinavyojifunga. Wanaikumbuka kama jedwali lenye pande mbili. "Is" inakuwa "was", "will" inakuwa "would", "can" inakuwa "could", "tomorrow" inakuwa "the next day". Linaimbwa kama jedwali la kuzidisha. Nami nilifundishwa hivyohivyo. Karatasi yangu ya kidato cha pili ilirudi na wino mwekundu juu ya "He said that he is sick", pembeni neno moja tu: "was". Nilimfuata mwalimu kumuuliza kwa nini, maana mtu mwenyewe alikuwa bado anaumwa. Akaniambia ndiyo kanuni, nikariri. Nilikariri, nikapata maksi. Ilinichukua miaka kuelewa nilichokuwa nakikariri, na miaka hiyo bado inaniuma.

Kwa hiyo jioni ile sikuchora jedwali. Niliandika ubaoni maneno ya mama, chini yake maneno ya mtoto, nikauliza darasa kimebadilika nini na kwa nini. Kijana wa Ngosi ndiye aliyepata: "Aliyesema siye anayeongea sasa, mwalimu." Hapo ndipo mada yote ilipolala. "Mimi" ya mama haiwezi kuwa "mimi" ya mtoto. Mtoto angenifikishia maneno kama yalivyo, "Mama amesema naomba ungo wangu", ningedhani ungo ni wa mtoto.

Kiingereza nacho kinageuza nafsi vilevile, na huko hatuna shida. Kinachotushinda ni hatua moja ya ziada. Sisi tukisimulia, tunamhamisha mtu lakini kitenzi tunakiacha pale kilipozaliwa. Ukisema "alisema anaumwa", ile "na" ya "anaumwa" inahesabiwa kuanzia siku aliyosema. Ukisema "alisema atakuja", ile "ta" inatazama mbele kuanzia siku ileile, hata kama leo siku hiyo imeshazikwa. Vitabuni utakuta pia "alisema angekuja", lakini nyumbani, sokoni Mwanjelwa na hata ofisini, "alisema atakuja" ndiyo kauli yetu na haina kosa. Anayesema Kiingereza hasimami huko. Anasimama leo, anageuka nyuma, na kila tendo analipima kutoka mahali miguu yake ilipo. Kuumwa kulikuwa huko nyuma pamoja na kusema: "She said she was sick." Kuja kulikuwa mbele, lakini ni mbele ya siku ile ya nyuma: "She said she would come." Na jambo likiwa limetangulia hata maneno yenyewe, linasukumwa hatua ya pili nyuma: "alisema ameshasaini" inakuwa "She said she had signed."

Hiyo "had" watu wanaiogopa bure. Hapa ina kazi moja, kuonyesha kwamba saini ilitangulia na maneno yakafuata. Wenye lugha wenyewe, mpangilio ukiwa wazi, mara nyingi wanaiacha na kusema "She said she signed", na hakuna anayepotea.

Halafu kuna jambo ambalo jedwali halikuniambia kabisa. Mtoto hakusema "mama alisema". Alisema "mama amesema", kwa sababu ujumbe ulikuwa bado wa moto, mama yuko uani anasubiri ungo. Hiyo "amesema" yetu, Kiingereza mara nyingi huitamka "says": "Mum says she wants her basket." Na kitenzi cha mbele kikiwa "says", hakuna kinachorudi nyuma. Nafsi inageuka, wakati unabaki. Ujumbe mwingi wa nyumbani na kazini ni wa namna hii, na nimewahi kuona watu wakiurudisha nyuma wote kwa kuogopa jedwali.

Sasa nieleze kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Miaka miwili iliyopita alikuja darasani mzee mmoja, dereva, mtu wa Kyela, anayepeleka mizigo Zambia na mara nyingine anapitiliza hadi Kongo. Hakuja na daftari. Alikuja na simu, akanionyesha ujumbe aliokuwa ameuandika miezi michache kabla:

"On Tuesday the officer said me I will pass tomorrow. I asked him that where is my paper. He told me I wait here."

Aliuandika Alhamisi usiku, amelala kwenye kichwa cha lori upande wa Nakonde, mji wa Zambia ng'ambo ya Tunduma, akautuma ofisini kwa tajiri wake. Ofisi ikaupeleka kwa mwenye mzigo, mtu asiyejua Kiswahili, naye akausoma Ijumaa. Aliposoma "I will pass tomorrow" akaelewa Jumamosi, akapanga watu wa kupakua. Lakini "tomorrow" ya yule afisa ilikuwa Jumatano, na Jumatano hiyo ilishapita bila gurudumu kuzunguka. Lori halikufika siku iliyotazamiwa, wapakuaji wakadai chao, gharama ikatafutiwa mtu. Ikakatwa kwenye posho ya dereva. Ofisi yenyewe siitaji, ila nasema wazi kwamba haikumtendea haki: hakuna aliyempigia simu kumuuliza.

"Mwalimu," akaniambia, "sikudanganya hata neno. Niliandika alivyosema."

Na ni kweli, hakudanganya. Hata nafsi aliigeuza sawasawa, kama mtoto wa jirani: afisa alisema "you", yeye akaandika "I". Kilichobaki bila kugeuzwa ni siku. Aliyachukua maneno kwenye Jumanne ya afisa, yakasomwa kwenye Ijumaa ya mwenye mzigo, na njiani hakuna aliyeyahamisha.

Tulikaa na ujumbe ule kipindi kizima, sentensi tatu tu, na sijawahi kufundisha kipindi kilicho bora kuliko kile.

Tulianza na "said me". Hili kosa nalisikia kila wiki, na dawa yake tunayo mdomoni. Nilimwomba aseme kwa Kiswahili: "Afisa alinisema." Akacheka, akasema, "Hapana mwalimu, hapo amenisengenya." Sawasawa. Sema haimbebi mtu mgongoni, ukimbebesha inakuwa habari nyingine. Tunasema "alisema", basi, au tunasema "aliniambia". Na ambia nayo haisimami peke yake: ukisema "aliambia kwamba tusubiri", msikilizaji atauliza, alimwambia nani? "Say" ni sema, "tell" ni ambia. "He said that", "he told me that". Ukitaka kumtaja mtu kwenye "say", unatafuta daraja la "to": "he said to me." Tangu nilipoanza kulieleza hivi, wino mwekundu juu ya "said me" umepungua sana.

Sentensi ya pili ina kisa chake. "I asked him that where is my paper." Kwa miaka mingi niliamini makosa ya namna hii yanatoka kwenye Kiswahili, mpaka nilipoitafsiri ile sentensi pole pole. Sisi tunauliza: "Karatasi yangu iko wapi?" Tukisimulia tunasema: "Nilimuuliza karatasi yangu iko wapi." Hakuna kilichohama. Kiingereza ndicho kinachopindua mpangilio mtu anapouliza ana kwa ana, "Where is my paper?", halafu kinaunyoosha swali linaposimuliwa: "I asked him where my paper was." Neno la kuuliza linatangulia, kisha karatasi, kisha kitenzi, kama katika sentensi ya kawaida isiyouliza kitu. Kwa hiyo mzee hakuponzwa na lugha ya mama yake. Aliponzwa na bidii yake ya kujifunza kupindua. Ile "that" ndiyo mali yetu, ni "kwamba" iliyopenyeza, nayo kwenye swali la kusimulia haina nafasi. Na swali la ndiyo au hapana ni jepesi zaidi: "aliniuliza kama nina kibali" ni "he asked me if I had a permit." "Kama" ni "if". Weka hiyo, endelea.

Ya tatu, "He told me I wait here." Hapa nilimuuliza: afisa alipokuambia usubiri, ungesimuliaje kwa Kiswahili? "Aliniambia nisubiri." Nikamwomba anionyeshe wakati ndani ya "nisubiri". "Li" iko wapi? "Na" je? "Ta"? Akatafuta, hakuna. Amri ikisimuliwa kwa Kiswahili inavuliwa alama ya wakati, inabaki nia tupu. Kiingereza kinafanya kitu kilekile kwa "to": "He told me to wait." Akikuambia usiondoke, Kiswahili kinaingiza "si", "nisiondoke", na Kiingereza kinatanguliza "not": "He told me not to leave." Yule binti aliyekuwa amekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, alisema kwa sauti, "Kumbe."

Kuhusu "here" sikumsahihisha. Jedwali linasema igeuze iwe "there", lakini mzee alikuwa bado amelala Nakonde alipoandika. Hapa ilikuwa bado hapa. Jedwali halijui umesimama wapi, wewe unajua.

Ikabaki "tomorrow". Na hapa tena Kiswahili kina neno zuri ambalo sijui kwa nini hatulitumii zaidi: kesho yake. "Aliniambia Jumanne kwamba nitavuka kesho yake." Ile "yake" inaipa kesho mwenyewe, kesho ya Jumanne, si ya mtu mwingine. "The next day" ni hiyohiyo. Jana yake ni "the day before". Tukaandika upya:

"On Tuesday the officer told me that I would cross the next day. I asked him where my paper was. He told me to wait here."

Alizisoma mara tatu, akauliza kama anaweza kuandika "on Wednesday" badala ya "the next day". Nikamwambia hiyo ni bora zaidi. Kwenye maelezo ya kazi, ya polisi, ya bima, taja siku na tarehe kila unapoweza.

Akauliza na saa. Sikuwa nimelifikiria, yeye ndiye aliyenifundisha. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na Malawi vilevile. Afisa wa Nakonde akisema "come back at eight", hiyo kwake ni saa mbili asubuhi, lakini simu iliyoachwa kwenye saa za Tunduma itasoma saa tatu. Dereva anayempigia tajiri wake Dar es Salaam na kusema "kaniambia nirudi saa mbili" amebeba saa ya Zambia akaiweka kwenye ukuta wa Tanzania. Hata baada ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwaka 2019, pande mbili zikafanya kazi chini ya paa moja, saa zimebaki mbili. Siku hizi nalifundisha hili kama sehemu ya kauli taarifa, ingawa sijaliona kwenye kitabu chochote cha sarufi.

Yako mambo yanayobaki ambayo hayahitaji kukawia. "Can" inakuwa "could", "may" inakuwa "might", "must" ya kulazimishwa mara nyingi inakuwa "had to". "Would", "could", "should" na "might" hazisogei, zimeshafika. Haya yanakaririka, sina ugomvi na kukariri palipo padogo.

Lakini swali la yule binti wa nyuma linastahili nafasi. Nilikuwa nimeandika mfano wa reli: "The guide said that the TAZARA line was 1,860 kilometres long." Akanyoosha mkono. "Mwalimu, 'was' ina maana sasa hivi haiko? Imeng'olewa?"

Ni swali langu la kidato cha pili, lililokuwa limekaa miaka yote hiyo bila jibu. Kwetu, "ilikuwa" ina mlio wa kitu kilichokwisha. Ukisema "ziwa lilikuwa na kina" mtu atauliza lilikaukaje. Ile "was" ya kauli taarifa haisemi lolote kuhusu reli ya leo. Inasema tu kwamba aliyezungumza alizungumza wakati uliopita, na kitenzi kimevutwa kumfuata, kama behewa linavyofuata kichwa cha treni. Reli bado iko Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Na kwa sababu iko, mzungumzaji ana ruhusa ya kusema "The guide said that the TAZARA line is 1,860 kilometres long". Zote mbili ni sahihi. Ukichagua "is", unaweka na mkono wako juu ya jambo: nami nasema ni kweli. Ukichagua "was", unamwachia mwenye maneno. Kwa hiyo "He said that he is sick" ya kidato cha pili, kuhusu mtu aliyekuwa bado kitandani, haikustahili wino mwekundu. Nililisema hilo mbele ya darasa, na koo lilinikaba kidogo.

Kutoka hapo tulifika kwenye lile ninalolipenda kuliko yote, uchaguzi wa kitenzi cha mbele. Kiswahili kina "eti". Neno dogo, lakini ukisema "eti atalipa mwezi ujao" umeshatoa hukumu. Kina "inasemekana", ambayo mwongoza watalii wa Iringa anaitumia akiwa amesimama juu ya Gangilonga, jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, akisimulia yale ambayo hakuna aliyeyashuhudia. Kwa Kiingereza atasema "it is said that", na mgeni ataelewa kwamba hapa anapewa simulizi. Na kuna vitenzi vinavyobeba nia ya msemaji ndani yake: "promise" ni kuahidi, "refuse" kukataa, "admit" kukiri, "deny" kukana, "warn" kuonya, "claim" kudai jambo ambalo mimi silithibitishi.

Nilimuuliza mzee: afisa aliahidi au alisema? Akafikiri kwa muda. Kijana wa Ngosi akamhimiza aandike "promised", ili tajiri ajue kosa si lake. Mzee akatikisa kichwa. "Hakuahidi. Alisema tu, huku anaangalia simu yake. Nikiandika ameahidi nitakuwa namsingizia." Ikabaki "told".

Katibu wa kahawa alikuwa anaandika haraka kwenye daftari lake. Baadaye alinionyesha muhtasari wake wa zamani, mahali alipoandika "the buyer promised" ilhali mnunuzi, kwa kumbukumbu yake mwenyewe, alisema angeangalia. Alikuwa ameshapigia mstari kwa kalamu.

Mzee hakumaliza kozi, safari zilimchukua. Lakini kila akikwama mpakani ananiandikia, kwa Kiingereza, na ameniomba nimrudishie na masahihisho. Mwezi uliopita ujumbe uliingia saa tatu usiku, mvua ya mwisho wa masika ikipiga bati mpaka simu sikuisikia. Niliusoma kwa kalamu mkononi, kwa mazoea:

"Today at 2 p.m. Zambia time the officer told us that the network was down. It is still down. I asked him when it would come back. He said he did not know. He told us not to leave the trucks."

Nilirudi kwenye "It is still down" mara kadhaa. Kisha nikamwandikia kwamba sina cha kusahihisha, na nikamuuliza kama amekula.